Mazutu na Upepo wa Moto: Kadhia ya Injini za Vifaru vya Kisovieti

Katika tarafa ya Butihinda, nchi ya Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, hakuna kifaru, na mashamba yake ya kahawa na migomba hayajapata kukanyagwa na minyororo ya chuma. Walakini kama pana mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo mtu asiyekuwa askari aweza kuielewa vema ile ikhtilafu iliyowagawa mafundi wa Umoja wa Kisovieti kwa zaidi ya miaka ishirini, juu ya injini ipi ifaayo kukiendesha kifaru, ya dizeli au ya turbaini ya gesi, basi mahali hapo ni Kobero, kituo cha forodha kilichomo ndani ya tarafa hiyo, kinachotazamana na Kabanga ya upande wa Tanzania. Hapo huingia malori ya mafuta yaliyotoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, yakaikata nchi ya Ngara na kuupanda mlima wa mpakani, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Na katika miaka hii ya karibuni, ambapo uhaba wa mafuta umewatesa sana raia wa Burundi, mwenye gari hasifiwi kwa nguvu za gari lake, bali huulizwa linakula lita ngapi, na likiharibika fundi na spea vitapatikana wapi. Maswali mawili hayo, ambayo tanboi wa Kobero anayajua kuliko sala zake, ndiyo hasa yaliyoamua kadhia ya vifaru, ijapokuwa wakubwa wa Moscow walichukua muda mrefu, na fedha nyingi, kabla ya kuyakubali.

Injini ya dizeli ya vifaru vya Kisovieti ilizaliwa katika kiwanda cha vichwa vya treni cha Kharkov, katika Ukraine, mnamo miaka ya 1930, chini ya usimamizi wa Konstantin Chelpan, mtu wa asili ya Kigiriki. Ikapewa jina la V-2. Ilikuwa na silinda 12 zilizopangwa safu mbili zilizoinamiana, ujazo wake lita 38.88, nguvu zake sawa na za farasi 500, na mwili wake uliundwa kwa aluminiamu ili isiwe nzito kupita kiasi. Na katika zama zile ambapo vifaru vya mataifa mengi viliendeshwa kwa petroli, iliyo nyepesi kushika moto na ghali kuipata, kuthubutu kukitia kifaru injini ya mazutu, yaani mafuta ya dizeli, lilikuwa jambo la ushujaa wa ufundi. Chelpan mwenyewe hakuyaona matunda ya kazi yake: alikamatwa Desemba 1937, katika msako ule wa Stalin uliowala wenye hatia na wasio na hatia, na Machi 1938 akapigwa risasi. Injini yake ikabaki, ikatiwa katika vifaru vya KV na T-34, na kwa hivyo ikaenda mpaka Berlin pasipo jina la aliyeiunda kutajwa.

Isidhaniwe kwamba injini hiyo ilikuwa kamili tangu mwanzo, kama wasemavyo wale wanaoisifu T-34 kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Mwaka 1942 Warusi waliwapelekea Wamarekani kifaru kimoja cha aina hiyo wakakijaribu huko Aberdeen, katika jimbo la Maryland, na baada ya kwenda kilomita 343 tu injini yake ilikufa, kwa sababu chujio la hewa lilikuwa dhaifu, vumbi likaingia katika silinda na kuzisaga pistoni. Taksiri ya chujio si taksiri ya injini, na Warusi waliirekebisha. Lakini kisa hicho nakitaja kwa kuwa vumbi litarudi tena katika habari hii, na likirudi halitakuwa jambo dogo.

Siri ya dizeli ni nyepesi kuieleza. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa ndani yake kwa nozeli, yakawaka yenyewe pasipo plagi. Na kwa kuwa hewa imebanwa sana, kila tone huchumwa kazi nyingi kabla ya kutolewa moshi. Mtu akisimama Kobero siku ambayo lori limezimika mlimani kwa sababu hewa imepenya katika mabomba ya mafuta, atamwona fundi akijilaza chali juu ya kipande cha boksi lililokunjuliwa, spana mkononi, akiilegeza nati ya bomba liendalo kwenye nozeli, hali tanboi akisukuma kwa kidole gumba pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini: mazutu hutoka kwanza yakiwa meupe kwa mapovu, yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko cha fundi, kisha mapovu yakapungua, yakatoka safi, fundi akakaza nati, akapiga kelele, dereva akapiga stata, moshi mweusi ukafuka, na safari ikaendelea. Kazi hiyo ndiyo ileile aliyoifanya askari fundi wa T-34, na wa T-55 baada yake, akiwa amejikunja nyuma ya mnara wa mzinga. Na mtu aliyelelewa katika gereji ya malori aweza kufundishwa injini ya kifaru cha dizeli kwa muda mfupi, jambo ambalo majenerali hawalipendi kulisema, kwa sababu halina fahari.

Faida hiyo ilidhihirika jirani kabisa na Butihinda. Wilaya ya Ngara, inayoanza pale forodha inapokwisha, ilikuwa mwaka 1978 sehemu ya mkoa wa Ziwa Magharibi, mkoa ambao baada ya vita ulipewa jina la Kagera. Na mwishoni mwa Oktoba ya mwaka huo askari wa Idi Amin waliuvuka mpaka, wakaikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, na Type 59 si kitu kingine ila T-54 ya Kisovieti iliyoundwa China kwa ruhusa na michoro ya wenyewe, na injini yake ya nguvu za farasi 520 ni mjukuu wa ile V-2 ya Kharkov. Upande wa pili Amin alikuwa na T-55, pamoja na Sherman za zamani, na Walibya waliokuja kumnusuru walileta T-55 zao pia. Kwa hivyo vita vile, ambavyo wengi huvikumbuka kwa majina ya Mutukula, Masaka na Lukaya, vilikuwa kwa upande wa injini ni vita vya ndugu wa nasaba moja: mafuta ni yale yale, na makanika wa jeshi moja akiteka kifaru cha jeshi la pili hakuhitaji kufundishwa upya.

Wala haikuwa vita ya mbio. Mvua za mwisho wa 1978 ziliziharibu barabara za Ziwa Magharibi, serikali ikachukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi kupeleka askari na vyakula, na baadhi ya vikosi vikangojea wiki nyingi kabla ya kuvuka. Kisha Machi 1979, huko Lukaya, njia ilipita juu ya tuta lililokatiza bwawa la matete, kifaru kisiweze kutoka nje ya lami pasipo kuzama. Hapo mwenye injini ya nguvu za farasi 1,000 asingepata faida ya hata hatua moja juu ya mwenye 520, maana hapakuwa na uwanja wa kuzitumia. Kampala ilishikwa tarehe 11 Aprili, na vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Katika kipindi hicho hicho, huko Leningrad, injini ya nguvu za farasi 1,000 ilikuwa imekwisha ingizwa jeshini miaka mitatu nyuma, na inafaa sasa tueleze ilifikaje huko.

Baada ya vita vikuu vya pili, vifaru vya Kisovieti viligawanyika katika nyumba tatu, na kila nyumba ilikuwa na mji wake, mkuu wake na wakubwa wa kuiombea huko Moscow. Kharkov ilikuwa ya Alexander Morozov, mmoja wa wale waliokiunda T-34, naye hakuridhika kuendelea na V-2. Katika T-64, iliyoingia jeshini katika miaka ya 1960, alitia injini ndogo ya ajabu, 5TDF, yenye silinda tano zilizolazwa ubavu, kila moja ikiwa na pistoni mbili zinazokabiliana, ujazo usiofika lita 14, lakini nguvu za farasi 700. Kwa karatasi ilikuwa hikima tupu. Jeshini ilikuwa adha: iligoma kuwaka kwenye baridi, ilichoka upesi kwa vumbi, na kiwanda hakikuweza kuitoa kwa wingi uliotakiwa. Ndipo nyumba ya pili, ya Nizhny Tagil katika milima ya Ural, ambako Leonid Kartsev alikuwa bwana wa kazi, ilipochukua mwili wa namna ile na kuutia injini ya ukoo wa zamani, V-46, yenye nguvu za farasi 780, na hivyo mwaka 1973 ikakubaliwa T-72, kifaru kilichodharauliwa mwanzo kuwa cha akiba ya vita, kisha kikaenea duniani kuliko ndugu zake wote wa zama zake.

Nyumba ya tatu ilikuwa Leningrad, katika kiwanda cha Kirov, chini ya Nikolai Popov. Nayo ndiyo iliyoshika turbaini, na kifaru chake kikaitwa T-80. Hapa hakuna pistoni. Hewa hufyonzwa mbele, ikabanwa na mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa mno, mafuta huchomwa ndani yake bila kukoma, na upepo wa moto unaotoka huzungusha mapanga mengine, ambayo hupeleka nguvu kwenye gia. Kwa ufupi, ni injini ya ndege iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Rais wa Marekani na katibu wa chama cha Kikomunisti walikubaliana katika mambo machache sana, lakini katika hili majeshi yao yalikubaliana, maana Wamarekani nao walikitia M1 Abrams, kilichoingia kazini mwaka 1980, turbaini ya nguvu za farasi 1,500. Na Waswidi walikwisha tangulia tangu 1967 kwa Strv 103, ambacho, kwa tahadhari ya watu wasiopenda kubahatisha, kilichukua dizeli na turbaini pamoja.

Si insafu kuizungumza turbaini kana kwamba haina fadhila. Ni nyepesi na ndogo kwa nguvu inayotoa, haina maji ya kupoza wala rejeta ya kupasuka, haingurumi kama dizeli bali hulia kwa mluzi, huchoma mafuta ya taa au mazutu pasipo kuchagua sana, na katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, ambapo injini ya T-72 huhitaji kupashwa moto muda mrefu kabla ya kuthubutu kuzunguka, yenyewe huwaka kwa dakika chache. Kwa mtu wa Siberia huo si ubora mdogo. Lakini hula. Tena hula kwa namna mbaya zaidi ya kula, yaani hula hata ikiwa imesimama, kwa kuwa mapanga yakipungua mwendo hayabani hewa vema na mafuta huungua karibu bure. Na ilhali T-72 huenda kiasi cha kilomita 460 barabarani pasipo mapipa ya ziada, T-80 hufika 335 hivi. Vumbi nalo lilirudi, maana turbaini hufyonza hewa nyingi mno, na mchanga wa Asia ya Kati ulipoingia uliyeyuka na kuganda juu ya mapanga, ikabidi Warusi wabuni namna ya kuyatikisa ili yaukung'ute.

Bei ndiyo iliyotosha kuizima hoja yote, lau hoja ingekuwa ya ufundi tu. Injini ya T-80, GTD-1000T, inatajwa kuwa ilikuwa na gharama ya rubo 104,000, ilhali V-46 ya T-72 haikufika 10,000: kwa thamani ya injini moja ya Leningrad, Tagil ingepata kumi. Waziri wa Ulinzi Andrei Grechko hakuipenda, akafariki Aprili 1976; akaja Dmitri Ustinov, mtu wa viwanda vya silaha tangu siku za Stalin, mpenzi wa Leningrad na wa turbaini, na mwaka huo huo T-80 ikakubaliwa. Sioni kwamba yapasa kutafuta sababu iliyojificha zaidi ya hiyo. Matokeo yake dola moja, yenye jeshi moja, ikawa na vifaru vitatu vyenye mzinga wa aina moja wa milimita 125, vyenye watu watatu watatu ndani, vya uzito wa tani 40 hivi, lakini injini tatu zisizokopeshana hata nati. Na mwenye ghala la spea akaandaa rafu tatu za kufanya kazi moja. Israfu ya namna hiyo maskini haiwezi, na hata tajiri huilipa siku moja.

Iliyolipwa kwanza ilikuwa Kharkov kupewa amri ya kuiunda T-80 ya Leningrad, na Kharkov, kwa ukaidi wa watu wanaojua kazi yao, ikaitoa turbaini na kuitia dizeli yake ya 6TD, jamaa wa 5TDF, ya nguvu za farasi 1,000. Hiyo ndiyo T-80UD ya 1987, na ndiyo iliyopiga mizinga kulielekea jengo la Bunge la Moscow Oktoba 1993. Malipo mengine yalikuwa ya damu. Tarehe 31 Desemba 1994 vifaru vya T-80 viliingia Grozny, mji mkuu wa Chechnya, vikiongozwa na askari wengi ambao hawakuizoea turbaini, vikasimama katika mitaa huku injini zikiungua, na vikachomwa. Watu wa Moscow wakailaumu injini, ingawa lawama kubwa zaidi ilikuwa juu ya waliopeleka vifaru mjini pasipo askari wa miguu wa kutosha. Hata hivyo, tangu hapo T-90, ambayo ni T-72 iliyotengenezwa upya na yenye dizeli, ndiyo iliyopewa nafasi ya mbele, na T-80 ikaenda kutafuta kazi katika baridi ya kaskazini, mahali pake hasa.

Turbaini haikuja kwetu. Vifaru vya Kisovieti vilivyokuja Afrika ya Mashariki, kwa njia halali au ya kufichwafichwa, vilikuja na mazutu, na kisa kilichoonyesha hayo wazi zaidi ni cha meli ya Faina. Meli hiyo ya Kiukraine, iliyopeperusha bendera ya Belize, ilitekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 25 Septemba 2008 ilipokuwa njiani kwenda Mombasa, na maharamia walipofungua matumbo yake walikuta vifaru 33 vya T-72 pamoja na silaha nyingine, bidhaa ambazo hata wao hawakujua wazifanyie nini. Nahodha Vladimir Kolobkov alifariki kwa maradhi siku za kwanza za utekaji. Serikali ya Kenya ikasema vifaru ni vyake. Andrew Mwangura, wa shirika la kuwasaidia mabaharia la Mombasa, akasema vinakwenda Sudan ya Kusini, na kwa kusema hivyo akakamatwa na kushtakiwa. Katika hati za shehena ziliandikwa herufi GOSS, ambazo mwenye macho aliziona kuwa ni serikali ya Sudan ya Kusini, ingawa wakubwa wa Nairobi walizifasiri vinginevyo. Na mwishoni mwa 2010 barua za siri za ubalozi wa Marekani zilipotoka hadharani, Mwangura alithibitika kuwa mkweli.

Fidia ya dola milioni 3.2 ilitolewa, meli ikaachwa tarehe 5 Februari 2009, na tarehe 12 ikatia nanga Mombasa, katika bandari ya Kilindini. Kulikuwa na hoja moja ambayo wachache waliitaja wakati ule, nayo ndiyo ya mtu wa gereji: jeshi la Kenya lilikuwa la vifaru vya Kiingereza vya Vickers Mk 3, vyenye injini nyingine kabisa, na jeshi lenye akili haliongezi ghafla aina ya pili ya injini, vyombo vyake, mafundi wake na rafu zake za spea, ila limekusudia kujitesa kama Moscow ilivyojitesa. Ilhali kwa Sudan ya Kusini, eneo ambalo wakati huo lilikuwa na barabara chache za lami na ambalo mazutu yake yalisafirishwa kwa malori kutoka pwani ya mbali, T-72 ilikuwa chombo kilichofaa: lita 1,200 katika matangi yake, mapipa mawili nyuma, na injini ambayo makanika aliyeanza maisha na lori aweza kuishika.

Uganda nayo ilipopokea T-90S kutoka Urusi mwaka 2011, iliyotajwa zaidi ni mizinga na mitambo ya kuonea usiku. Mashine iliyomo nyuma ya vifaru hivyo ni V-92S2 ya nguvu za farasi 1,000, mara mbili ya ile iliyotengenezwa Kharkov kabla ya vita vikuu. Lakini silinda zake ni 12 zile zile, kipenyo cha kila silinda ni milimita 150 kama alivyokipima Chelpan, na ujazo wake ni lita 38.88.